Fundo Mguuni pa Kuku

Jumapili, 2 Machi

Nimefika. Naandika kwenye daftari la mashuka, lenye safu za Wodi, Zilizotoka, Zilizorudi na Zilizopotea. Niseme ukweli, nimeliiba. Miaka ishirini na saba nimesimamia kitengo cha kufulia hospitalini, siku ya kuniaga wakanipa saa ya ukutani ambayo mshale wake mmoja hautembei. Basi nami nikajiongezea daftari.

Nyumba ina vyumba viwili na sebule, jiko la nje, tangi la maji na banda la kuku lisilo na kuku. Mlango wa nyuma unabana, mpaka uusukume kwa bega. Tumeijenga kwa miaka tisa, mabati mwaka huu, madirisha mwaka ule. Kuhamia huku lilikuwa wazo la mume wangu, si langu. Mimi mtu wa mjini, nimezoea kelele, nimezoea kuchungulia dirishani nikajua nani kagombana na nani. Lakini Fundi (ndivyo mtaa mzima unavyomwita, nami nikafuata, ni fundi wa lifti) alinibembeleza mwaka mzima. "Bosi, twende tukazeekee kwetu. Utafuga kuku." Mwishowe nikasema haya.

Leo amenileta na lori, amepanga makochi, amepachika kitasa, kisha amerudi na lori hilohilo. Kuna lifti mpya inafungwa kwenye jengo lao, mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Ikishafungwa, anakuja. Nikamwambia asipokuja nitamfuata na mwiko. Akacheka. Lori likasimama kidogo kwa jirani pale kwenye kona, nikajua anaaga.

Maboksi yote kayafunga kwa lile fundo lake la kufungia nyaya: mizunguko miwili, ncha inapita chini, halafu anaikata kwa meno na kijimkia kinabaki kimesimama. Halifunguki hilo hata ulie. Nimetumia kisu.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna hii. Nimewasha redio nikaiacha iongee peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi, hodi. Mwanamke wa makamo, gumbuti miguuni, kitenge kimefungwa juu ya sweta. Ni jirani wa pale kwenye kona, anafuga kuku, anauza mayai. Hata hajakaa vizuri kaniuliza, "Jirani, banda zuri hivi mbona tupu?" Nikamwambia namsubiri mume wangu aje tuanze pamoja. "Mume wa nini kwenye kuku? Kuku wanataka mahindi na mlango unaofunga."

Nimempenda papo hapo. Tumeongea mpaka saa sita, yaani mimi nimeongea, yeye kasikiliza. Nimemwambia habari za hospitali zote. Watu wa kusikiliza hivyo mjini hawapo.

Jumamosi, 8 Machi

Nina kuku! Mitetea minane na jogoo mmoja. Jirani kanipeleka kwa mtu anayewalea, mitetea wote ni wa rangi moja, kahawia, wametotolewa pamoja. Nikamuuliza nitawajuaje mmoja mmoja. Akasema ukikaa nao utawajua kwa sura.

Sura! Mimi nimehesabu mashuka meupe maisha yangu yote. Shuka halina sura, lina uzi. Kila wodi uzi wake kwenye pindo, ukishaona uzi huna haja ya kuangalia kingine. Basi nimetoa kopo langu la nyuzi nikamfunga kila mmoja mguuni, na majina nimewapa ya wodi. Mwekundu Upasuaji. Bluu Wazazi. Njano Mapokezi, kwa sababu yeye humkimbilia kila anayeingia uani. Mweusi Mochwari: amelala juani ubavu mmoja, shingo kainyoosha, nikapiga yowe nikidhani kafa siku ya kwanza. Wengine ni Macho, Meno, Watoto na Famasi. Jogoo ni Daktari Mkuu. Anapita mara moja kwa siku na kelele nyingi, kazi wanafanya wengine.

Fundi alipiga simu jioni. Nikamweleza yote, mpaka nyuzi. Alicheka mpaka akakohoa. "Umeona, Bosi? Nilijua utafurahi." Nikahisi kupendwa, jamani, katika umri huu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Banda halivuji. Nyumba inavuja.

Jumatatu, 17 Machi

Yai! La Upasuaji, nimemkuta kalisimamia. Dogo, lina doa la damu. Nimempigia Fundi, hakupokea. Nimempigia tena, hakupokea. Nimempigia Binti, mwanetu aliyeko mjini, naye kasema, "Hongera Mama, Baba atafurahi sana," halafu akasema ana mgeni akakata.

Jumapili, 23 Machi

Mayai manne kwa siku. Jirani kanifundisha kuwachanganyia pumba na dagaa waliosagwa. Kila jioni Fundi anauliza, "Kuku wanaendeleaje?" Haulizi bega langu lililoumia kwa ule mlango wa nyuma, haulizi paa. Kuku tu. Nimemwambia huyu Famasi ana afya kuliko mimi, oa yeye.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ndiyo siku. Nimefua mapazia, nimepika, nimetoa bilauri mpya kutoka kwenye boksi, yaani nimechana boksi zima kwa sababu ya fundo lake. Saa kumi kapiga simu. Lifti imekwama, kuna kifaa hakijafika, wiki ijayo.

Chakula nimekula mimi na Jirani. Kila nikisema neno juu ya Fundi yeye aliangalia sahani. Nikajua ananionea huruma.

Jumatatu, 7 Aprili

Barabara imeharibika na mvua. Wiki ijayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua siku ya nne. Uani tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Meno kamdonoa Watoto kichwani mpaka damu. Beseni tatu sebuleni chini ya mabati, kila moja inadondokewa kwa mlio wake. Redio imekufa. Leo nimelia, naandika ili nisijidanganye baadaye kwamba sikulia.

Nikampigia. Nikamwambia, "Fundi, hawa kuku wakinishinda nauza wote, nafunga mlango, nakuja zangu mjini."

Alishtuka. Nilimsikia kabisa akishtuka, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. "Usije, Bosi! Usije. Vumilia. Utaacha kuku? Umefika mbali sana na hao kuku." Akaongea dakika kumi, yeye mtu wa maneno matatu. Nilipokata simu moyo ulikuwa umetulia. Nikasema, kumbe mtu huyu ananiamini.

Jumapili, 13 Aprili

Dada Mkubwa anafanyiwa upasuaji wa jicho. Ni safari ya nusu siku kutoka hapa, watoto wake wako mbali, sharti niende mimi. Nimemwachia Jirani ufunguo wa nyumba na wa banda. Nimemwandikia karatasi mbili za maelekezo. Akasema, "Jirani, hawa ni kuku, si wagonjwa mahututi." Nikamwongezea ya tatu.

Jumapili, 20 Aprili

Nimerudi. Dada anaona, na cha kwanza alichokiona ni kwamba nimezeeka.

Kuku wanane, jogoo mmoja. Nimehesabu nyuzi zote, zipo. Nyumba safi kuliko nilivyoiacha. Hata mlango wa nyuma haubani tena. Jirani anasema mbao zimekauka na jua la siku mbili. Nimemshukuru, nimemletea kanga. Kaipokea kwa mikono miwili hakuniangalia usoni. Watu wengine hawajui kupewa.

Jumanne, 22 Aprili

Mapokezi ananikimbia. Siku saba tu, mshenzi huyu kanisahau. Nimemwita, nimemrushia punje, yuko nyuma ya tangi kanikodolea macho. Na Mochwari halali tena juani. Nimemuuliza Jirani, akasema ni mvua, kuku hubadilika tabia. Akaondoka haraka, kasema kaacha sufuria jikoni.

Ijumaa, 25 Aprili

Mume wangu: goti. Wiki ijayo.

Jumatatu, 28 Aprili

Wazazi kaamua kuzaa! Kakaa kwenye kiota tangu juzi, ukimsogelea anavimba na kuguna. Nimemwekea mayai kumi na moja, nimeyatia alama ya penseli. Nimehesabu siku ishirini na moja: tarehe kumi na tisa Mei. Nimempigia Fundi. Kasema, "Basi, si unaona? Huko ndiko kwako."

Sijui kwa nini neno hilo limekaa kifuani. Huko ndiko kwako.

Jumamosi, 3 Mei

Mayai matano. Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Mayai matano. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, kama nilivyokuwa naandika taarifa ya shuka lililopotea.

Asubuhi nimeona Mapokezi anachechemea. Nikamnasa kwa shida, nikamkalisha mapajani, nikauinua mguu. Magamba yamevimba, ni utitiri, Jirani alinionyesha dawa yake, mafuta ya taa kidogo na mafuta ya kupikia. Ili nipake sharti nitoe uzi. Nikashika uzi wa njano nikautafuta mkia wa fundo langu. Fundo letu la kitengo cha kufulia mkia wake unalala chini, umekunjwa ndani, ili usinase kwenye mashine. Mkono unalifunga wenyewe, hata nikiwa nasinzia.

Mkia ulikuwa umesimama. Mizunguko miwili, ncha imepita chini, imekatwa kwa meno.

Nilikaa pale kwenye kigoda, kuku mapajani, sijui kwa muda gani. Fundo lile nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Limefunga kitanda chetu tulipohama mara ya kwanza. Limefunga mkanda wa mtoto. Limefunga jeneza la baba yangu juu ya gari. Nikamshusha Mapokezi, nikamnasa Mochwari. Mkia umesimama. Macho, umesimama. Famasi, umesimama. Upasuaji, langu. Meno, langu. Watoto, langu. Nikaingiza mkono chini ya Wazazi, akanidonoa mpaka nikatoka damu, nikapapasa mguu wake kwa vidole tu. Umesimama.

Watano.

Na mimi, mjinga mimi, nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema kwa sauti pale bandani, "Alikuja!" Nilidhani alikuja nilipokuwa kwa Dada, akanikosa, akaona haya kusema, akanishangaza kwa njia yake, nyuzi zilikuwa zimelegea akazifunga upya. Nikakumbuka na mlango wa nyuma. Bila shaka ni yeye, kaupiga randa! Nikaenda kwa Jirani karibu nikikimbia, sijavua hata gumbuti, nacheka peke yangu njiani.

"Jirani," nikamwambia, "kwa nini hukuniambia Fundi alikuja?"

Alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ukashuka. "Amekwambia?"

"Nimeona fundo lake."

Akakaa chini kabisa, kwenye tope. "Afadhali," akasema. "Afadhali umejua. Nimechoka."

Kisha akaniambia. Usiku wa pili baada ya mimi kuondoka alisahau kupachika komeo la banda. Kicheche aliingia. Asubuhi alikuta watano wametapakaa, wengine hawana vichwa. Akampigia Fundi.

"Namba yake umeitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe. Siku ile ya lori."

"Ukampigia yeye, si mimi?"

"Ndivyo alivyonielekeza. Likitokea lolote nimwambie yeye kwanza." Alikuwa anaokota punje moja moja kutoka kwenye tope. "Alikuja siku hiyohiyo, jirani. Saa nane mchana alikuwa hapa, na kuku kwenye tenga, watano, rangi ileile. Sijui aliwapata wapi upesi hivyo. Nyuzi alizitoa kwenye kopo lako. Alilala siku mbili."

"Alilala wapi?"

"Kwako."

Barabara haikuwa mbovu. Goti halikuuma. Lifti haikukwama. Mtu aliyeshindwa kuja kwa wiki sita nikiwepo, alikuja kwa nusu siku nisipokuwepo. Akalala kitandani kwangu siku mbili, akapiga randa mlango, akaosha kikombe chake akakirudisha.

Nikamuuliza Jirani swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeshalijua. "Kwa nini alihangaika hivyo kwa kuku watano?"

"Usinifanye niseme."

"Sema."

"Alisema kuku wakiisha, utarudi mjini."

Nilishika mlango wake. Akaendelea kwa sababu alikuwa ameshaanza, na mtu aliyeshikilia neno muda mrefu akilitoa analitoa lote. Siku ya lori, Fundi alipitia kwake. Alimwambia, mke wangu ni mtu wa kazi, akikosa la kufanya atanifuata. Mtafutie kuku. Mzoee. Msikilize, anapenda kuongea.

"Kwa hiyo ile hodi ya siku ya kwanza…"

"Ya siku ya kwanza, ndiyo," akasema. "Lakini zile za baadaye nilikuja mwenyewe."

Nimerudi nyumbani, nimekaa kwenye kochi. Nimepitia kila siku tangu Machi. Niliyemwita rafiki alitumwa. Niliyedhani ananipa moyo alikuwa ananifungia mlango kwa nje. Mambo yote mazuri ya msimu huu, nikiyageuza, nyuma yake lipo fundo moja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia Binti. Sikumsalimia.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, Mama. Anaoga."

"Tangu lini?"

"Tangu… nyumba ile ya kupanga alishairudisha. Machi mwanzoni."

"Na lifti?"

"Mama, si umuulize yeye?"

"Nakuuliza wewe niliyekuzaa."

Akaanza kulia. Hakuna lifti mpya. Baba yake kastaafu tangu Januari. Wote walijua, yeye na mumewe, hata mpangaji wa juu. "Hatukutaka uumie, Mama. Tulisema ukishapata kuku utatulia."

Utatulia! Nilimlea mtoto huyu, nikamfundisha kufunga vifungo, kuhesabu, kusema kweli. Ndiye anayenipa kuku nitulie. Nimemwambia amwambie baba yake Jumapili aje, na kama barabara ni mbovu apite juu.

Jumapili, 11 Mei

Kafika saa nne. Nguo safi, mkate mkononi, kilo ya sukari. Kabisha hodi kwenye mlango aliouchonga mwenyewe.

"Karibu mgeni," nikamwambia.

"Bosi…"

"Usiniite hivyo."

Akakaa kwenye ncha ya kochi. Kakonda kidogo, au ni shati. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyapanga siku mbili, lakini nilipomwona nikauliza dogo kuliko yote.

"Kuanzia Januari mpaka tunahama, kila asubuhi ulikuwa unatoka na begi la vifaa. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Stendi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Kuna benchi. Nasoma gazeti."

"Na chakula nilichokuwa nakufungia?"

"Nilikuwa nakula," akasema. "Kilikuwa kizuri."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Wiki sita nimeamka alfajiri kumkaangia mtu wa kukaa stendi.

"Nilikukosea nini, Fundi?"

Akaangalia mikono yake. Mtu huyu kwa miaka thelathini na moja hajanijibu swali refu. Leo kajibu.

"Nyumba ilikuwa imejaa."

"Tulikuwa wawili!"

"Ilikuwa imejaa sauti yako. Kikombe hiki si cha chai. Taulo hili si la mikono. Viatu si hapo. Mtu anapiga simu, wewe unajua kabla yangu anataka nini. Kazini nilikuwa ndani ya tundu la lifti, kimya, peke yangu, na saa tisa ikifika naanza kuogopa kushuka. Niliposikia tarehe ya kustaafu sikulala. Nikasema, sasa itakuwa kutwa nzima."

"Ungeniambia."

"Nilijaribu."

"Lini? Lini ulijaribu? Mimi ningesikia, mimi si mtu wa…"

"Nikianza kusema," akasema polepole, "wewe unamalizia."

Nikanyamaza. Naandika hilo kwa sababu ni kweli na linauma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimemkatiza wakati huohuo. Nimekaa nikaona miaka yangu yote ya kumpangia mtu viatu, nikidhani ndiyo kupenda kwenyewe, nikaona yeye aliyaonaje. Kama angeniambia hivi mwaka jana, mezani, ningelia, ningegombana, ningenuna wiki, halafu pengine ningejifunza kunyamaza hata saa moja kwa siku. Hakunipa hata nafasi ya kushindwa. Alinijengea nyumba nzima ya kuniwekea. Miaka tisa, mabati mwaka huu, madirisha mwaka ule. Nikamuuliza hilo.

"Tulipoanza kujenga, ulishajua hutakuja?"

"Hapana," akasema. Halafu akasema, "Si mwanzoni."

Si mwanzoni. Nimelibeba hilo neno kutwa. Sijui tulikuwa kwenye madirisha au kwenye paa.

Akaona uso wangu. Akaharakisha. "Nitahamia. Kweli nitahamia. Nipe wiki mbili nipange vitu, nakuja, tutaishi vizuri."

Wiki zote hizi nilikuwa nasubiri sentensi hiyo. Nimeisikia, na mwili wangu ukakataa. Mtu aje akae hapa akihesabu maneno yangu? Nami nikihesabu yake?

"Usije," nikamwambia. "Ila vitu vyako uchukue."

Nikatoka na tenga. Nikanasa Mapokezi, Mochwari, Macho na Famasi, ambao hawakuwa Mapokezi wala Mochwari wala nani, ni kuku wanne wa watu nisiowajua. Nikawatia ndani. Nyuzi nilizikata kwa mkasi nikazirudisha kwenye kopo, hizo ni zangu.

"Huyu wa tano anaatamia," nikasema. "Haondolewi. Huyo nitakulipa."

"Nitawaweka wapi? Binti ana vigae mpaka ukutani."

"Popote. Watakutuliza."

Akainama akafunga mdomo wa tenga kwa kamba, mizunguko miwili, ncha chini, akakata kwa meno. Hakufikiri hata kidogo. Nilimtazama mpaka kwenye kona, mvua inanyesha, tenga kalibeba mbele kwa mikono miwili na kuku wanapiga kelele. Nilitaka kumwita achukue mwavuli. Niliuma ulimi.

Jumatatu, 12 Mei

Mayai mawili. Nimelala kutwa.

Jumatano, 14 Mei

Binti kapiga simu. Mmoja kataga kwenye kapu la nguo chafu, mwingine kafungwa mguu kwenye bomba la sinki, mumewe kahamia kwa mama yake kwa muda. "Mama, tafadhali." Nimemwambia mwanangu, vumilia, utaacha kuku?

Nilipokata simu nikacheka mpaka machozi. Machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesikia nyundo uani. Nimechungulia dirishani: Jirani, peke yake, kapiga magoti kwenye tope, anapigilia komeo la pili kwenye mlango wa banda. La chuma, jipya. Hakubisha hodi. Alipomaliza akalijaribu mara tatu, akaokota misumari iliyobaki, akaondoka. Sikutoka. Nilitaka kutoka na sikutoka, yote mawili.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Wazazi (nitamwita nini basi, jina lake ni hilo) hali, hanywi, kakonda mgongo. Nimempelekea maji kwenye kifuniko, kanywa kutoka mkononi mwangu. Kuku wa watu, mayai ya kuku wangu. Hajui na hajali.

Jumatatu, 19 Mei

Alfajiri nimesikia sauti ndogo bandani. Nimepiga magoti. Wazazi kainua bawa kidogo, chini yake kichwa kimoja kilicholowa, kisha kingine. Nilikaa pale mpaka jua likatoka, jua kabisa, la kwanza mwezi huu. Kufika saa tatu walikuwa tisa. Mawili hayakupasuka, nimeyatingisha, ni viza.

Tisa! Nilisimama mara moja nikaingia ndani kutafuta simu. Miaka thelathini na moja, jambo likitokea asubuhi, ni yeye namwambia kabla sijanawa mikono. Vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika: *Tumepata vifaranga tisa.*

Kabla ya kutuma nikaisoma. Nikaisoma tena. Miaka yote nimeandika hivyo, tumefika, tumekula, tumelala, na sijawahi kuona kwamba mwanzo wa neno kuna mtu wa pili.

Nikafuta herufi mbili za mbele, nikaweka mbili nyingine.

*Nimepata vifaranga tisa.*

Nikatuma.